Nilipimwa sina selimundu, mbona mwanangu anayo?

Bint Unguja:
Assalaam alaykum. Mwanangu wa miaka minne amegunduliwa kuwa na selimundu. Kwamba baba yake ni AS, yaani amebeba jeni moja ya selimundu bila kuugua, tulilijua mapema, lakini mimi nilipopimwa kabla ya ndoa niliambiwa sina, na ndiyo maana tulioana bila wasiwasi. Sasa wifi zangu wananishutumu kwamba nilificha majibu. Naomba mwenye ujuzi anieleze jambo hili linawezekanaje.

Fundi wa Maabara:
Wa alaykum salaam, dada. Linawezekana, na huenda kipimo chako hakikukosea. Jeni ya mnyororo wa beta wa himoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, ina vipande vitatu vyenye maagizo, yaani eksoni, vinavyotenganishwa na introni mbili. Seli huinakili jeni yote kuwa RNA, yaani nakala ya muda ya maagizo, kisha hukata introni na kuziunga eksoni ndipo protini itengenezwe. Jeni huandikwa kwa herufi nne za kemikali, A, T, G na C, na selimundu hutokana na herufi moja ya eksoni ya kwanza, A, kugeuka T. Yapo mabadiliko mengine yasiyogusa maagizo hayo kabisa, bali huharibu alama ya mahali pa kukata. Kwa mfano, herufi ya tano ya introni ya kwanza ikigeuka kutoka G kuwa C, badiliko linaloonekana sana Oman na India, RNA nyingi hukatwa pasipostahili, na himoglobini inayotengenezwa huwa haba. Hiyo ni thalasemia ya beta. Kipimo kinachotafuta himoglobini S, ile ya selimundu, hakiioni, lakini mtoto akirithi S kwa baba na kasoro hiyo kwa mama, huugua selimundu. Je, uliwahi kuambiwa una upungufu wa damu?

Bint Unguja:
Ujauzito mzima! Nilimeza vidonge vya madini ya chuma bila nafuu. Bibi mzaa mama alitoka Muscat, Oman, ila sikudhani kwamba lina uzito.

Mama Wawili:
Pole, mwenzangu, nami nilipitia hayo. Omba upimwe himoglobini A2, aina ya himoglobini ambayo huongezeka kwa aliyebeba thalasemia ya beta. Kwangu ilizidi asilimia 3.5. Ikithibitika, kila ujauzito una uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mwenye hali hiyo, kwa hiyo nendeni kwa mshauri nyote wawili. Muulizeni daktari pia kuhusu haidroksiurea, dawa ya selimundu.

Fundi wa Maabara:
Naongeza kwamba upungufu wa chuma unaweza kuishusha A2 ikaonekana ya kawaida, basi pimeni na feritini, inayoonyesha akiba ya chuma mwilini, siku hiyohiyo.

Bint Unguja:
Tutakwenda Jumatatu. Wifi mkubwa nitamwomba atusindikize, ayasikie kwa masikio yake.