Mjadala: Je, mwenye familia ana ruhusa ya kujitenga na dunia?

Mleta mada:
Assalaam alaykum. Kumi la mwisho la Ramadhani likiingia, wanaume kadhaa hapa Mji wa Kale huweka nia ya itikafu, yaani kukaa msikitini kwa ibada, na wapo wanaotamani kuendelea na khalwa, yaani kujitenga peke yao kwa ibada, ya siku arubaini kwa njia ya masufi, kwa kuwa Mombasa, wasema, imewachosha. Naona mwenye mke na watoto hana ruhusa hiyo mpaka aeleze ni nani atakayeubeba mzigo wake. Imamu Ghazali, mwanazuoni mkubwa wa zamani, hutajwa sana kuwa hoja ya kunipinga, kwani aliacha kufundisha Baghdad mwaka 1095 akaenda kujitenga Damascus na Yerusalemu. Lakini yeye mwenyewe alieleza kwamba alipogawa mali yake alibakisha ya kuwatosha watoto, na kwamba baadaye maombi ya watoto hao yalichangia kumrudisha nyumbani.

Mchangiaji, Kibokoni:
Ndugu yangu, tukingoja majukumu yaishe, hakuna atakayeingia khalwa ila mgonjwa na mzee. Mtume (s.a.w.) alikuwa na nyumba, umma na vita, na bado alikaa itikafu siku kumi kila Ramadhani, na mwaka aliofariki akakaa ishirini. Siku arubaini sizitetei. Ninachotetea ni haki ya mtu kunyamaza, kwa sababu asiyepata nafasi ya kujihesabu huirudisha ghadhabu ya kazini kwa hao hao watoto.

Mchangiaji, Majengo:
Kaka zangu, nyote wawili mwazungumza kana kwamba anayejitenga lazima awe mwanamume. Futari na daku ya mwenye itikafu hupikwa nyumbani na kupelekwa msikitini, na aliyeipika, ambaye pia amefunga, haulizwi kama roho yake inahitaji utulivu. Imepokewa kwa Bi Aisha kwamba wakeze Mtume walikaa itikafu baada ya Mtume kufariki. Tena madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu pwani twayafuata, hayakuweka muda wa chini: hata kitambo kifupi msikitini, pakiwa na nia, ni itikafu. Basi mume na akae usiku wa ishirini na moja, mke akae wa ishirini na tatu huku mume akilala na watoto, na kamati za misikiti isiyo na sehemu ya wanawake zitueleze sababu.