Halmashauri imekataa kumtathmini mwanangu: je, ripoti ya OT wa Dodoma ina nguvu?

Mama wa Chamwino, Midlands

Ndugu zangu Wanadodoma, nawasalimu. Jana nilipokea barua ya halmashauri ya hapa ikinijulisha kwamba haitafanya tathmini ya EHCP, yaani mpango rasmi wa msaada kwa mtoto mwenye mahitaji maalumu ya elimu, kwa mwanangu mwenye miaka saba, kwa madai kwamba shule inaweza kumsaidia kwa fungu lake la kawaida. Mtoto huyu hawezi kufunga vifungo vya shati, hushika penseli kwa ngumi, huziba masikio kengele ya chakula inapolia, na ngazi huzishuka akiwa ameukumbatia ukuta. Mwaka jana alikaa miezi mitano kwa bibi yake Chamwino, na mtaalamu wa tiba kwa vitendo (OT) wa hospitali moja mjini Dodoma alimpima na kumwandikia ripoti ya kurasa nne. Niliiambatanisha, lakini barua haiitaji hata kwa neno moja. Swali langu ni hili: je, kuna aliyewahi kutumia ripoti ya mtaalamu wa nyumbani, ambaye hayumo katika daftari la HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa afya huku, ikapokewa na halmashauri au na Tribunal, mahakama inayosikiliza rufaa hizi? Uwezo wa kumlipa OT binafsi sina.

Baba wa Kondoa, London

Pole sana, dada. Kabla ya yote, itazame tarehe iliyo juu ya barua, kwa sababu una miezi miwili kuanzia tarehe hiyo, wala si kuanzia siku ulipoipokea. Utawasiliana na mshauri wa usuluhishi akupe cheti, hata kama usuluhishi wenyewe huutaki, kisha utakata rufaa ndani ya miezi hiyo miwili au ndani ya mwezi mmoja tangu upewe cheti, kutegemea ipi inachelewa zaidi. Sheria ya watoto na familia ya 2014, kifungu cha 36(8), haidai jina la ugonjwa. Inauliza tu kama mtoto ana, au huenda ana, mahitaji maalumu ya elimu, na kama huenda ikalazimu apangiwe msaada kwa EHCP.

Sisi tulikataliwa vivyo hivyo kwa binti yetu, na halmashauri ikageuza uamuzi wiki mbili kabla ya shauri kusikilizwa. Maumivu yalianza baadaye, mpango ulipotoka ukisema kwamba binti "atapata fursa ya kuonana na OT", maneno yasiyo na saa, yasiyo na mtu, wala idadi ya vipindi. Ilituchukua mwaka mzima kuyabadilisha. Tiba inayomfundisha mtoto kuandika, kuvaa na kula huhesabiwa kuwa elimu kwa kifungu cha 21(5), kwa hiyo idai iwekwe Sehemu F ya mpango, ya msaada wa elimu, usikubali ipelekwe G, ya huduma za afya.

Dada wa Mpwapwa, Glasgow

Naomba tunapotoa ushauri tuseme "England", tusiseme "Uingereza". Huku Scotland hakuna EHCP. Tunaongozwa na sheria ya 2004, na mpango wetu ni CSP. Nilipoteza miezi minne nikifuata maelekezo niliyoyasoma hapa hapa, na mwanangu aliipoteza miezi hiyo pamoja nami.

Kaka wa Makole, Manchester

Dada wa Midlands, usiisubiri EHCP. Omba DLA, fedha ya serikali kwa mtoto mwenye ulemavu, kwa kuwa haihitaji EHCP wala jina la ugonjwa, na fedha hiyo umlipe OT.

Baba wa Kondoa, London

Kaka, muulize mtu viza yake kwanza. Mwenye NRPF, yaani sharti la viza linalomzuia kupata fedha za umma, haruhusiwi kudai DLA, na akidai anaweza kuharibu maombi yake ya baadaye. EHCP haimo katika zuio hilo. Haya si mambo ya kuandika kwa haraka.

Shangazi wa Nzuguni, Dodoma

Wanangu, mimi nilisomea tiba kwa vitendo kule KCMC Moshi na sasa nafanya kazi hapa Dodoma. Mambo ya halmashauri za huko nawaachia ninyi, nami nizungumzie mtoto.

Mbali na macho, masikio, ngozi, pua na ulimi, mwili una hisi nyingine mbili ambazo wazazi wengi hawajawahi kuambiwa: hisi ya misuli na viungo, inayomjulisha mtoto mkono wake uko wapi na unatumia nguvu kiasi gani, na hisi ya mizani iliyo katika sikio la ndani. Taarifa za hisi hizi zikifika hafifu, mtoto hukandamiza penseli hadi inavunjika, na hujigonga kwenye milango. Taarifa za ngozi au za masikio zikifika kwa nguvu mno, lebo ya shati humuumiza na kengele humtisha. A. Jean Ayres, mtaalamu wa Marekani, ndiye aliyeijenga nadharia hii katika miaka ya 1960 na 1970. Chumba cha tiba huwa na bembea, ngazi za kamba na magodoro, na mzazi anayechungulia dirishani hudhani mtoto anachezeshwa tu, wakati mtaalamu anaongeza ugumu kidogo kidogo kila mtoto anapouweza ule wa awali.

Tena hatuanzi na penseli. Kidole hakitulii ikiwa bega linayumba, na bega halitulii ikiwa mgongo umelegea na miguu inaning'inia bila kugusa sakafu. Bibi wa Chamwino, bila kusomea popote, alimpa mtoto tiba nzuri kama alimtwangisha uwele, kwa kuwa uzito wa mchi hulipa bega taarifa nzito, na kama alimpa karanga amenye na ndoo ndogo ya maji abebe. Katika fleti ya huko akande unga wa chapati, akamue nguo, abebe mfuko wa viazi kutoka dukani. Na ikiwa mlenda unamtia kichefuchefu, msimlazimishe kuushika: aanze kwa kijiko, siku nyingine kwa ncha ya kidole, kwa hiari yake.

Dada wa Mpwapwa, Glasgow

Shikamoo Shangazi. Nasema kwa heshima kwamba utafiti wa Wales na England uliotolewa 2022, kwa watoto 138 wenye usonji wa miaka 4 hadi 11, haukuona tiba hiyo ya Ayres ikizidi huduma ya kawaida. Halmashauri zinalijua hilo.

Shangazi wa Nzuguni, Dodoma

Marahaba, mwanangu. Ni kweli, na ndiyo maana siku hizi ripoti nzuri haiishii kuandika kwamba "hisi zina shida". Huandika kwamba mtoto afunge vifungo vinne mwenyewe, ashuke ngazi kwa kupishanisha miguu, ale kwa kijiko bila kumwaga. Kwa mtoto mwenye shida ya kuratibu mwendo, ambayo huwapata takriban watoto 5 hadi 6 katika kila 100, ushahidi wenye nguvu uko upande wa kuzoeza kazi yenyewe, kama ile njia ya Kanada ambayo mtoto mwenyewe hutaja lengo, hupanga, hutenda, kisha hukagua. Fulana za uzito msizinunue. Ushahidi wake ni hafifu na fedha yenu ni ya jasho.

Kaka wa Makole, Manchester

Shangazi, umenirudisha Makole. Hakuna mtoto aliyepitisha siku bila kuruka kamba, kucheza rede na kutumwa maji. Mwanangu huku hukaa ndani tangu Oktoba hadi Machi, na mwalimu ananiuliza kwa nini anachoka kuketi wima.

Mama wa Chamwino, Midlands

Nawashukuru wote. Cheti cha usuluhishi nimekiomba leo asubuhi. Mama mkwe amenithibitishia kwa simu kwamba kweli alimtwangisha uwele kila jioni, na sasa naelewa kwa nini alirudi akishika kikombe kwa mkono mmoja, jambo aliloliacha tena kufikia Krismasi. Nitaliandika hilo katika rufaa, pamoja na tarehe. Lakini kuhusu ripoti ya Dodoma na HCPC bado sijajibiwa, na tarehe ya mwisho kwangu ni tarehe 14 mwezi ujao. Kama yupo aliyewahi kuipeleka ripoti ya namna hiyo, namwomba aniandikie kabla ya siku hiyo.