Nimepewa ruzuku kuandika habari za ulanzi (pombe ya mianzi) na tabianchi, nimekwama. Naombeni ushauri

Wa Ipogolo
Wakuu, kamwene. Ni mwandishi wa kujitegemea hapa Iringa. Mwezi wa saba nilipata ruzuku ya shirika dogo la nje, jina naomba nilihifadhi. Wanataka habari za mabadiliko ya tabianchi yanavyogusa utamaduni wa kila siku, siyo zile za semina na mgeni rasmi. Nikapeleka wazo la ulanzi: mvua za msimu hazieleweki, mianzi haichipui vizuri, misiba na harusi zinakosa kinywaji. Wakalipenda sana.

Jumla milioni 3 na laki 6, nusu nimeshapewa. Mwezi wa nane nikapanda Kilolo wiki nzima, nikampiga picha babu mmoja akigema, mbeta, kile chombo cha kukingia ulanzi, imefungwa kwenye mwanzi, tone linadondoka. Shida ni mahojiano. Kila mzee nikimuuliza ulanzi umepungua kwa nini, jibu ni moja: watu wameng'oa mianzi wapande parachichi na misindano. Ukimrudisha kwenye mvua anakubali, ndiyo, siku hizi haitabiriki, kisha huyo, karudi kwenye parachichi. Nina saa tisa za sauti, tabianchi haifiki dakika ishirini.

Ripoti ni tarehe 30. Niandike wanachotaka au nilichokikuta?

Mwanamafinga
Ulanzi umepungua wapi? Shemeji yangu hana taarifa hizo.

Fundi Uyole
Kosa hilo lilishafanyika kwa Ruaha Mkuu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mto unakatika maji kiangazi, na kuna watu kila wakisimama wanalaumu mvua tu. Nimelima mpunga Usangu misimu sita. Najua mifereji inayochepusha maji kule juu, mmoja nimeuchimba kwa mikono hii. Mvua ina kesi yake, ila usiibebeshe na ya jembe langu.

Mama K wa Tukuyu
Mwanangu, una bahati unalipwa kufuata pombe. Nikuambie cha kuandika. Tukuyu nilikokulia mvua ilikuwa haiulizwi, inanyesha mpaka mwezi wa sita. Sare za shule tulianika jikoni juu ya mafiga, darasa zima tunanuka moshi, na mwalimu naye ananuka. Wajukuu zangu hawaijui harufu hiyo. Huo siyo utamaduni? Achana na walevi.

Fundi Uyole
Mleta mada, hiyo nusu imebaki shilingi ngapi?

Wa Ipogolo
Sidhani kama hilo ndilo swali.

Fundi Uyole
Ndilo.

Wa Ipogolo
Laki mbili na kidogo. Kinasa sauti laki nne, nauli, kulala, bodaboda za milimani, soda za wazee. Na laki tano nimemlipia mdogo wangu ada, nitairudishia malipo ya pili yakiingia. Mimi ndiye mkubwa nyumbani, mlitaka afukuzwe shule?

Mama K wa Tukuyu
Ada ni jambo jema. Pesa ya watu ni jambo jingine.

Mzawa wa Kilolo
Samahani wakuu, nimesoma mara mbili. Mwezi wa nane babu anagema na tone linadondoka? Nimezaliwa huko, baba yangu mgema. Ulanzi ni wa masika. Mwanzi mchanga unachomoza, unaukata ncha, unauchonga asubuhi na jioni, ukisahau siku moja jeraha linafunga. Mwezi wa nane ni baridi na vumbi, mianzi imelala. Hii ni chai, tena yenye tangawizi.

Mwanamafinga
Nilijua tu! Moderetaa, uzi uhamishiwe jukwaa la hadithi.

Fundi Uyole
Haya. Milioni 3, babu, mdogo wake, ada... kumbe tunapigishwa stori.

Wa Ipogolo
Sijatunga. Pesa zilitoka mwezi wa saba, mwisho mwezi wa tisa, na wafadhili masika yetu hawayajui. Babu mwenyewe alisema njoo nikuonyeshe tunavyofanya. Akafunga mbeta kwenye mwanzi uliokomaa, bibi akaleta togwa, tukaichuja ikawa nyepesi, nikaipitisha kwenye jani idondoke polepole. Rangi ileile. Babu alicheka mpaka akakaa chini. Picha hupangwa jamani, za harusi hazipangwi?

Mzawa wa Kilolo
Na wafadhili umewaambia?

Wa Ipogolo
Hapo ndipo nilipokwama, mwanzoni sikutaka kupaeleza. Waliniuliza ulanzi hutoka miezi gani, nikajibu kweli, masika. Wakaangalia tarehe ya picha. Sasa wanataka kuiweka mbele kabisa na maneno kwamba majira yamevurugika hadi ulanzi unatoka kiangazi. Wamefurahi mno. Siku ya nne leo sijajibu.

Fundi Uyole
Kwa hiyo umeleta mabadiliko ya tabianchi kwa kikombe cha togwa.

Mwanamafinga
Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wewe umesifiwa na Wazungu, ukatia togwa.

Wa Ipogolo
Chekeni. Nikisema kweli watadai pesa, na pesa haipo.

Mama K wa Tukuyu
Na yule babu? Uso wake utazunguka dunia kwa jambo asilolisema. Anajua?

Wa Ipogolo
Juzi kapiga simu kuuliza picha zake ataziona lini.

Fundi Uyole
Waandikie leo, kabla picha haijatoka. Sema ni onyesho, sema msimu bado, omba muda. JET, chama cha waandishi wa habari za mazingira, wapo tangu 1991, humo wamo waandishi waliokula hizi ruzuku wakazimaliza salama, watakuelekeza barua inavyoandikwa. Ya ada utaikatwa kwenye malipo ya pili, utavumilia.

Mzawa wa Kilolo
Chai nimeifuta, mkuu, nimekuelewa. TMA, wale wa hali ya hewa, wakitoa utabiri wa mvua za msimu, wa Novemba hadi Aprili, uchukue uanze nao. Mwezi wa pili njoo kwetu. Nina vichaka vitatu, utapiga tone la kweli. Jirani yangu aling'oa vyake vyote akapanda parachichi, atakueleza mwenyewe kwa nini, na mvua imo kwenye sababu zake, ila siyo ya kwanza. Mbeta ninazo.

Wa Ipogolo
Barua nimeianza. Ila mvua zikichelewa, mwezi wa pili nikukute huna kitu?

Mwanamafinga
Togwa ipo.