Digrii ya Asosieti ya chuo cha Kikristo cha Marekani ukiwa Lubumbashi: krediti 60 zinatosha kuingia L3 hapa?

Mama_Kamalondo
Habari zenu ndugu. Binti yangu ana Diplôme d'État (diploma ya kumaliza sekondari), section Commerciale et Gestion, 62%. Anataka kusomea digrii ya Asosieti ya Biblia na uongozi kwenye chuo cha Kikristo cha Marekani, kwa intaneti, akibaki hapa nyumbani. Miaka 2, krediti 60. Akimaliza anataka kuingia mwaka wa tatu wa lisansi (L3) hapa kwetu. Ameniambia LMD (mfumo wetu wa Licence-Master-Doctorat) inadai krediti 60 kwa mwaka, kwa hiyo atakuwa na za mwaka mmoja tayari, pengine miwili. Hesabu hiyo ni ya kweli? Na dosiye inatengenezwaje?

MwalimuKatuba
Mama, hesabu hiyo ndiyo inayowapoteza vijana wengi, tuanze nayo. Neno krediti ni moja, ila vipimo ni viwili. Kwenye LMD yetu krediti moja ni saa 25 za kazi ya mwanafunzi, na lisansi ni krediti 180 kwa miaka 3. Marekani krediti moja ya semesta ni saa moja ya darasa na saa 2 za kujisomea kila wiki, kwa wiki kama 15, yaani karibu saa 45. Krediti zao 60 ni saa 2,700. Ukigawa kwa 25 unapata 108. Kwa saa, binti amefanya kazi ya karibu miaka 2 ya kwetu, si mmoja. Hapo hesabu iko upande wake.

Lakini chuo cha hapa hakipokei saa, kinapokea masomo. Kama anataka L3 ya gestion (uongozi wa biashara), jury (kamati ya walimu) itafungua releve yake (orodha ya masomo na pointi) na kutafuta comptabilité (uhasibu), hisabati, takwimu na uchumi. Itakuta Agano la Kale, Agano Jipya, theolojia, uandishi wa Kiingereza na historia. Hayo yatakubaliwa kama masomo ya jumla, ya gestion atarudishwa kuyasoma tangu L1 au L2. Akienda theolojia, mambo yanabadilika kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kulipa hata dola moja, aende kwenye sekretariati ya fakilte anayotaka kuingia baadaye, awe na programu ya masomo ya chuo cha Marekani mkononi, somo kwa somo na krediti zake. Aulize: mnapokea yapi? Jibu alipate kwenye karatasi yenye muhuri. Jibu la mdomo linaondoka na doyen (mkuu wa fakilte) aliyelitoa.

Na ajue kwamba ngazi ya Asosieti haipo kwenye mfumo wetu. Gradua ya zamani ilikuwa miaka 3, hii ni 2. Diploma ya nje inapitia ekivalansi (kutambuliwa kuwa sawa na ya hapa) kwa Wizara ya ESU (elimu ya juu), Kinshasa. Kama lengo ni kazi ya Serikali, lisansi ya hapa ina njia fupi zaidi.

dosiye_na_muhuri
Niongeze upande wa dosiye ya kuomba chuo cha Marekani, maana ndiko watu wanakwama miezi.

Kwanza ithibati. Tafuta jina la chuo kwenye orodha ya Wizara ya Elimu ya Marekani (inaitwa DAPIP) au ya CHEA (baraza la ithibati ya vyuo huko). Vyuo vya Biblia vingi viko chini ya mashirika ya ithibati ABHE au TRACS, na vingine viko chini ya mashirika ya vyuo vya kawaida. Chuo kikijiandika "tumethibitishwa" halafu shirika lililokithibitisha halipo kwenye orodha hizo, achana nacho. Kinachotoa diploma kwa "uzoefu wa maisha" ndani ya wiki chache kinauza karatasi tu.

Pili, bulletini (ripoti za pointi za shule). Piga skani kwa rangi, si nyeusi na nyeupe. Muhuri wa shule mara nyingi unakaa juu ya pointi zenyewe, na ukipiga bila rangi, wino wa bluu na wino wa pointi vinakuwa doa moja, dosiye inarudishwa. Mtafsiri wa Kiingereza aache pointi zilivyo, pamoja na safu ya maxima (pointi za juu kabisa za kila somo). Mtu akitafsiri 62% bila maxima na bila maelezo ya kipimo chetu, msomaji wa Marekani anaona D, kwa sababu kwao 60 hadi 69 ni D. Kwetu 50 ni kupita na 62 ni pointi nzuri. Ndiyo maana vyuo vingi vinataka dosiye ipitie shirika la kutathmini hati za nje. Kama diplome yenyewe haijachapishwa, uliza kama wanakubali attestation de réussite (karatasi ya kuthibitisha kufaulu) kwa muda.

Tatu, jina. Sisi tuna nom (la ukoo), postnom (la pili baada yake) na prénom (la kwanza), fomu yao ina nafasi za jina la kwanza, la kati na la ukoo. Fuata paspoti, herufi kwa herufi, na utumie mpangilio ule ule kwenye fomu, mtihani wa Kiingereza na malipo. Postnom ikiwa "jina la kati" hapa na "la ukoo" pale, kompyuta yao inafungua watu wawili.

Vingine ni vyepesi: barua ya mchungaji, tamko la imani la kutia sahihi, na ushuhuda wa ukurasa mmoja au miwili. Asome kanuni za mwenendo kabla ya kutia sahihi. Pombe, tumbaku na saa za huduma kanisani huwa zimeandikwa humo, na saa za huduma zinahesabiwa kwenye kuhitimu.

Mama_Kamalondo
Aksanti sana. Anafanya kazi dukani hadi saa kumi na moja jioni. Ataweza masomo 2 kwa wakati mmoja? Na umeme huu wa kukatika?

MwalimuKatuba
Aulize kwanza muhula una wiki ngapi. Somo la krediti 3 ni saa 135. Kwa wiki 15 ni saa 9 kwa wiki. Vyuo vingi vya intaneti vinalibana kwa wiki 8, na hapo ni saa karibu 17 kwa wiki. Masomo 2 ni 34. Pamoja na duka, haiwezekani. Achukue moja moja, hata kama ni miaka 4.

Akiona anazama, ajiondoe kabla ya tarehe iliyopangwa. Anapata W (alama ya kujiondoa), ambayo haishushi wastani, ingawa pesa kwa kawaida hazirudi zote. Akinyamaza anapata F (kufeli), na F ni sufuri ndani ya wastani unaotakiwa kufika 2.0 kwa 4.0 ili ahitimu.

kazi_ya_usiku
Kuhusu saa: sisi hatubadilishi saa, wao wanabadilisha Machi na Novemba. Kazi ya "Jumapili 23:59" ya New York inafungwa kwetu Jumatatu saa kumi na mbili kasoro dakika moja asubuhi wakati wa kiangazi chao, na saa moja kasoro dakika moja wakati wa baridi yao. Asitegemee asubuhi hiyo, kwa sababu ya delestaji (umeme kukatwa kwa zamu). Aandike kwenye faili, si ndani ya ukurasa wa chuo, kisha atume Jumamosi. Darasa la video la saa moja jioni kwao ni saa saba au saa nane usiku kwetu, aulize kama linarekodiwa.

Kuhusu pesa: akituma kwa benki, achague gharama zote zilipwe na mtumaji (kwenye fomu ni OUR). Asipofanya hivyo, benki za katikati zinakata, chuo kinapokea pungufu, na kwa dola 20 tu zilizobaki wanaweza kumfungia releve. Msaada wa serikali ya Marekani haumhusu mwanafunzi wa nje, kwa hiyo aulize basari ya chuo chenyewe, na bei ya krediti moja baada ya basari. Aizidishe kwa 60, halafu aongeze vitabu, ada ya teknolojia ya kila somo na ada ya kuhitimu.