Mawazo yananinenepesha au unene ndio unanipa mawazo?

mama_wawili: Asalaam aleikum wapendwa. Niliachika 2022 nikiwa na kilo 64, juzi hapo Kongowea nikapanda mizani ya yule kijana wa shilingi kumi nikaona 83, nikamwambia mizani yako mbovu. Na wallahi mchana sili cha maana, ila watoto wakilala najikuta jikoni, hata taa siwashi, namaliza mahamri ya asubuhi na chai ya sukari nne. Na dadangu, mama alipofariki mwaka jana, yeye kakonda mpaka bangili zamtoka mkononi. Msiba mmoja, mbona mimi nafura?

baharia_likoni: Wacha mahamri dada, hizo stresi ni kisingizio

binti_majengo: We baharia kama huna la kusema pita. Dadangu, ni yote mawili. Kuna utafiti wa 2010 uliounganisha tafiti 15, watu zaidi ya 58,000 waliofuatiliwa kwa muda, wenye unene wa kupita kiasi walikuwa na uwezekano wa asilimia 55 zaidi wa kuja kupata dipresheni, na wenye dipresheni asilimia 58 zaidi wa kuja kunenepa hivo. Yaani kimoja chamvuta mwenziwe. Mawazo yakikaa sana mwili unatoa kotisoli nyingi, ile homoni ya stresi, mafuta yanaenda tumboni, na usipolala vizuri njaa yazidi, tena ya vitu vitamu, hutajiona unatamani mchicha saa sita usiku 😂. Wengine ndio hamu ya kula yakatika kabisa kama dadako, naye msimsifu ati amependeza, huenda yeye ndiye yuko vibaya zaidi. Halafu, kuna dawa unakunywa? Maanake zingine za dipresheni na usingizi zaleta njaa, kama amitriptilini.

mama_wawili: Ngoja. Nilipewa vidonge vya usingizi mwaka jana, hakuna aliyeniambia habari ya njaa. Nimeenda kufungua droo saa hii, boksi limeandikwa hiyohiyo amitriptilini. Na hii ya kuamka kula usiku sikuwa nayo kabla, mwanzo nilikuwa nanenepa polepole tu

binti_majengo: Usiziache ghafla lakini!! Rudi na hilo boksi kwa daktari umuulize kama kuna nyengine, na upimwe sukari na presha ukiwa hapohapo. Nenda na dadako.

baharia_likoni: Haya nisameheni. Mke wangu pia anameza hizo, za mgongo, na mimi kila siku namcheka.