Eti nibaki getini nilinde ndala!

Mpare_wa_Tabata:
Wakuu, naandika mikono inatetemeka, herufi zikipishana mjue ni hasira.

Yule jamaa. Jina siandiki, mnamjua, yule anayevaa miwani ya theluji akienda kununua chipsi. Leo saa mbili usiku, kwenye grupu la watu 14, shemeji yangu akiwemo, kaniambia: "Wewe utabaki getini Marangu, utulindie ndala."

NDALA!

Safari yenyewe ya Kilimanjaro nimeipanga mimi! Pasaka, siku tatu: tunalala Mandara, tunalala Horombo, tunashuka. Nani aliwaambia njia ya Marangu ndiyo yenye vibanda vya kulala, kwamba masika hii kwenye hema mtaamka mnaelea? Mimi. Nani aliwaambia chupa za maji za kutupa hawaziruhusu mlimani? Mimi. Yeye alitaka twende bila mwongozaji, eti mlima anaujua tangu utotoni. Kuuona kutoka Boma Ng'ombe ndiyo kuujua?

Wiki tatu napanda ngazi za kazini, ghorofa sita, mgongoni kilo kumi za sembe. Mlinzi wa jengo kashaanza kunipekua. Horombo ni mita 3,720; huyo mwenzenu akifika ghorofa ya pili anaomba maji na kiti. Halafu mimi ndiyo nilinde ndala. Na nani anapanda mlima na ndala? Yaani hata ndala zenyewe hazipo! Nimepewa ulinzi wa kitu kisichokuwepo.

Shemeji akatupia kicheko. Mara tatu.

Karanga_Mbichi:
Nipo siti ya mbele.

Kijana_Himo:
Pole mkuu. Swali dogo: mlinzi wa ndala analipwa kwa siku au kwa jozi?

Mpare_wa_Tabata:
Usinichokoze.

Mama_Junior:
Mwanangu, mimi hiyo kazi ningeichukua. Aprili ule msitu wa chini haukauki. Nilifika Mandara nakamua soksi kama dekio. Wenzangu wakaenda kutazama kreta ya Maundi, mimi nikabaki nimekumbatia kikombe cha chai, sitaki kusemeshwa.

Fundi_Redio:
Simtetei jamaa, maana mimi mwenyewe namdai majibu. Aliazima begi langu la kulalia Desemba, likarudi linanuka perege.

Karanga_Mbichi:
Heri yako limerudi. Mimi taa yangu ya kichwani anaendea chooni kwake mpaka leo umeme ukikatika.

Kijana_Himo:
Hivi viatu vya mlimani, mitumba ya Memorial pale Moshi bado vinapatikana?

Mama_Junior:
Vipo, nenda mapema. Jaribu ukiwa na soksi nene, na usichukue vinavyokubana mbele. Kupanda hutasikia kitu. Siku ya kushuka kucha zitakusimulia.

Mpare_wa_Tabata:
Jamani, uzi ni wa NDALA! Mtu kanidhalilisha mbele ya shemeji!

Fundi_Redio:
Hilo begi nimelifua mara nne. Nne!

Kijana_Himo:
Mama Junior, namba 43 wanauzaje?

Mpare_wa_Tabata:
Mrejesho: jamaa kanifuata pembeni. Anaomba ile orodha ya vitu vya kubeba, eti yake imefutika.

Mama_Junior:
Umempa?

Mpare_wa_Tabata:
Nimempa. Juu kabisa nimeongeza: ndala, jozi 14, abebe yeye.

Kijana_Himo:
Namba 43 jamani, au hata 44.