Naomba ushauri: mchezaji akigongwa kichwa, nani aamue arudi?

Wapendwa, ninafundisha michezo katika shule moja hapa Goma, na uwanja wetu ni mawe ya volkano matupu. Juzi wachezaji wawili waligongana vichwa. Mmoja hakuzimia, lakini alirudia kuuliza tunacheza na nani, kisha akatapika. Nilimtoa, tukampeleka hospitali. Kocha mwenzangu alitaka aendelee kwa kuwa “hakuzimia.”

Mtikisiko wa ubongo hausubiri mtu azimie! Mtoto akishukiwa kuwa nao, harudi uwanjani siku ile, hata akisisitiza kwamba yuko sawa. Pigo la pili kabla hajapona ndilo linaloniogopesha zaidi.

Niwaelewesheje makocha na wazazi wanaofikiria kombe tu? Na kwenu, pasipo daktari uwanjani, nani huamua?